Arafa za Biashara na Mlango wa Kampuni ya Simu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulifuata safari ya arafa kutoka kompyuta ya mwenye duka hadi simu ya mteja. Leo tusimame mlangoni, pale kampuni ya simu inapoamua ipi ipite na ipi irudishwe.

Mkulima wa Kongoni au Sango, hapa Likuyani, anaujua uzito wa arafa. Simu yake ya kabambe ikilia msimu wa kupanda, huenda ni habari ya mbolea ya ruzuku, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Lakini juu yake zimerundikana nyingine: ya kamari, ya mkopo, ya agroveti asiyokumbuka kuipa nambari. Zote zina jina la mtumaji mahali pa nambari, herufi zisizozidi 11. Jina hilo halitolewi ovyo. Mwenye biashara huonyesha cheti cha usajili na kueleza kama atatuma taarifa au matangazo. Matangazo ndiyo yale ambayo, kwa wateja wa Safaricom, humalizikia na STOP *456*9*5#.

Nguvu ya mlango huu inaonekana vizuri zaidi katika biashara ya bangi nchini Marekani. Wapiga kura wa Colorado na Washington waliihalalisha mwaka 2012, wa California mwaka 2016. Duka lina leseni, linalipa kodi, linakagua umri wa kila anayeingia. Hata hivyo, haliruhusiwi kumwandikia mteja wake kwamba bei imeshuka. Sheria ya taifa ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika kundi la dawa zilizobanwa kuliko zote, na mitambo ya simu haina mpaka wa jimbo. Kampuni za simu, kupitia muungano wao wa CTIA, zikajiwekea miongozo kuhusu ngono, chuki, pombe, bunduki na tumbaku. Pombe hupita iwapo muuzaji amehakikisha umri wa mteja. Bangi haipiti, hata mteja akiomba mwenyewe. Wapo wanaolikwepa jina la jani hilo, lakini mitambo huchuja hata anwani ya tovuti iliyomo ndani ya ujumbe. Duka likinaswa, nambari yake hufungwa, na arafa ya kumwambia mteja kwamba oda yake iko tayari nayo hupotea.

Kwetu Kenya bangi haina duka la kutangaza. Sheria ya mwaka 1994 inaikataza, na juhudi za marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, za kutaka ihalalishwe mwaka 2018 hazikufika mbali. Lakini mlango tunao, na umewahi kubanwa kwa jambo zito kuliko bangi. Katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, serikali ilifikiria kuzima arafa kabisa. Michael Joseph, mkuu wa Safaricom wakati huo, alishauri zitumwe arafa za amani. Mwaka 2012 tume ya mawasiliano ikaagiza kwamba arafa za kisiasa za kutumiwa watu wengi ziwasilishwe kukaguliwa angalau saa 48 kabla ya kutumwa. Sisi tunaoishi mpakani na Uasin Gishu, tulioyaona machafuko yale, hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Agizo lile lilikuwa sahihi.

Kinachoniudhi ni kwamba mlango unakagua bidhaa kwa ukali na kulegea kwenye ridhaa ya mpokeaji. Mkulima anaandikisha nambari yake dukani ili apate mbegu, kesho inatumiwa kumtafutia mkopo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza jambo hilo: nambari yako haitumiki kibiashara bila idhini yako, na njia ya kujiondoa lazima iwe rahisi. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, shilingi 2,975,000 kwa kutumia nambari zilizopatikana kwa watu wengine kutuma arafa na kupiga simu za vitisho.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata tangazo usiloliomba, usilifute. Nakili jina la mtumaji, tarehe na saa, ujiondoe, na likirudi tena peleka malalamiko katika Ofisi ya Kamishna wa Data. Sheria inaitaka ofisi hiyo iyachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90.