Tairi la Nyuma ni Gia ya Mwisho

Mlima wenye mwinuko wa nyuzi 30 hudai nusu ya uzito wa gari. Bagi ya kilo 700, dereva akiwa ndani, inahitaji msukumo wa kilo 350 ili isimame tu palepale bila kurudi nyuma; kusonga mbele ni juu ya hapo. Msukumo huo wote hupitia vipande viwili vya mpira vinavyogusa ardhi, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi kuandaa bagi ya milimani, simpeleki kwenye injini wala kabureta. Tunaanza na matairi ya nyuma.

Bagi ninayoizungumzia ni ile inayojengwa kwa viungo vya Volkswagen Beetle. Iliyoipa sifa duniani ni Meyers Manx, aliyoitengeneza Bruce Meyers mwaka 1964 huko Newport Beach, California, akitaka gari jepesi la kukimbia juu ya mchanga wa pwani. Baadaye ikawa bodi ya faibaglasi inayokalishwa juu ya chesisi ya Beetle iliyofupishwa kwa sentimita 36 hivi, na mafundi wa nchi nyingi wakaiga. Haisukumwi na magurudumu manne. Lakini injini na giaboksi vimekaa nyuma, na bagi inapoinua pua kuelekea kilele, uzito huzidi kuhamia huko. Kwenye tambarare, kama kilo 60 katika kila 100 hulalia ekseli ya nyuma. Kwenye mwinuko wa nyuzi 25 hukaribia 75. Waliofuatilia Safari Rally ya zamani waliliona jambo hili kwa macho: Beetle, na injini yake ndogo, ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962 katika barabara za vumbi na tope za Kenya, Uganda na Tanganyika.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Chukua Beetle 1300 ya katikati ya miaka ya 1960. Gia ya kwanza ina uwiano wa 3.80 na difu 4.375, kwa hiyo injini huzunguka mara 16.6 ili gurudumu lizunguke mara moja. Injini yenyewe hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 87. Tairi la 165 la rimu ya inchi 15 lina kimo cha milimita 645. Ukitoa kidogo kinacholiwa na msuguano wa giaboksi, msukumo unaofika ardhini ni kama kilo 420. Mlima wetu wa nyuzi 30 unadai 350, kwa hiyo bado una akiba.

Funga sasa tairi la inchi 31, lile linalopendeza sana kwenye picha. Kimo kimekuwa milimita 787, na msukumo umeshuka hadi kilo 345. Hujagusa injini wala giaboksi, lakini bagi iliyokuwa inapanda sasa haipandi. Dereva atasema injini imechoka. Atabadilisha kabureta, kisha silinda, kisha klachi aliyoiunguza kwa kulazimisha, na kosa lipo pale pale kwenye magurudumu. Tairi ni gia ya mwisho katika mnyororo wa gia, na kila inchi unayoongeza kwenye kimo ni sawa na kupandisha gia bila kukusudia.

Mimi huchagua la katikati, 235/75 la rimu ya inchi 15. Kimo chake ni milimita 734, msukumo unabaki kama kilo 369, na tumbo la gari linapanda milimita 44 kutoka ardhini. Hizo milimita 44 si kidogo unapopita juu ya jiwe ambalo lingegonga sampu. Anayetaka la inchi 31 kwa nguvu zote anayo njia ya haki: Kombi za Volkswagen za mwisho kabla ya umbo kubadilika mwaka 1967 zilikuwa na gia za kupunguza mwendo kwenye kila gurudumu la nyuma, uwiano wa 1.26. Tairi la inchi 31 hula asilimia 18 ya msukumo. Gia hizo huirudisha yote na kubakiza kidogo. Lakini kuzifunga kwenye bagi si kazi ya siku moja.

Baada ya kimo, watu hukimbilia upana. Mimi naangalia kwanza ulaini wa mashavu ya tairi. Muuzaji atakusifia tairi la plai 8 au 10 kwamba ni imara, na ni kweli, kwa lori linalobeba tani. Kwenye bagi, gurudumu moja la nyuma hubeba kama kilo 210 tu. Tairi gumu chini ya mzigo huo halilegei hata ukilipunguza upepo. Linasimama kama gogo na kugusa ardhi kwa ncha za kashata zake, yale matuta ya mpira usoni pa tairi. Unahitaji tairi linalokubali kukunjika, la plai 4 au 6.

Kwa kukadiria, eneo linalogusa ardhi ni uzito ukigawanywa kwa upepo uliomo. Ukiwa na pauni 25 kwa inchi ya mraba, kilo zile 210 hukalia sentimita za mraba 119. Shusha hadi pauni 10, ukapate karibu 300. Na eneo hilo hukua zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, jambo ambalo mpanda mlima analitaka hasa, maana kashata nyingi zaidi hushika kwa wakati mmoja, zikifuatana. Hakuna kifaa cha bei yoyote kinachokupa badiliko kubwa hivi, na hili ni bure. Jambo moja usilisahau: ukirudi barabarani, jaza upepo kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi lililolegea huchemka haraka na kupasuka.

Kashata zenyewe zitegemee ardhi yako. Udongo wa mfinyanzi unataka kashata ndefu zilizoachana, ili tope litemwe tairi linapozunguka. Mchanga mtupu unataka tairi la makasia, ambalo halifai kwingine kokote. Kwenye mwamba na changarawe kavu, kashata zilizoachana mno hudundadunda na kung'oka. Huko chagua zilizokaribiana, zenye mikato midogo juu yake. Na tairi jembamba lisidharauliwe. Kwenye tope jepesi lenye ardhi ngumu chini, hukata na kufika pagumu, wakati tairi pana linaelea juu likiteleza.

Rimu ni hadithi fupi, lakini ina mitego. Beetle nyingi hadi za 1967 zilikuwa na bolti 5 kwenye duara la milimita 205. Kuanzia za 1968, bolti 4 kwenye duara la milimita 130. Pima kabla ya kulipa. Kwa tairi la 235/75, rimu ya upana wa inchi 6 hadi 8 inakubalika, nami huchagua ya 6 au 6.5, kwa sababu rimu nyembamba hushika mdomo wa tairi vizuri upepo ukiwa mdogo, na mashavu hujitokeza nje yakiikinga rimu na mawe. Rimu inayotokeza sana nje ya gari huongeza mzigo kwenye beringi na ekseli, hata kama inaonekana ya kiume. Chuma hupinda, na fundi hukinyoosha kwa nyundo. Aloi hupasuka na kukuacha porini.

Wenye ekseli za nyuma zinazobembea, kama za Beetle nyingi za zamani, wakumbuke kwamba nyuma ikiinuliwa kwa springi, magurudumu hujikunja ndani kwa chini na tairi hutembelea ukingo wa nje peke yake. Nusu ya mpira ulioununua haifanyi kazi.

Ukishafunga, beba chaki. Chora mstari juu ya uso wa tairi kutoka ukingo hadi ukingo, sogeza gari mita chache kwenye sakafu ngumu, uone chaki imefutika wapi: ikifutika katikati tu, bado upepo ni mwingi. Kisha chora mstari mwingine unaovuka kutoka kwenye rimu hadi shavuni, upande mlima mara moja. Ukikuta vipande viwili vya mstari huo havikutani tena, tairi limezunguka juu ya rimu. Kwenye tairi la tyubu, safari inayofuata itang'oa valvu, kwa hiyo ongeza pauni 2 na ujaribu tena.