Vivutio vilivyosahaulika kusini mwa Ziwa Victoria

MSIMU wa likizo unapowadia, Wakenya wenye uwezo hufunga safari kuelekea Mombasa, Diani au Maasai Mara. Ni wachache mno wanaokumbuka kwamba kusini mwa Ghuba ya Winam kuna mzunguko unaoweza kumchukua msafiri siku nne au tano, kuanzia Kisumu hadi Kisumu, bila kurejea kwa barabara aliyoendea.

Hata hivyo, ziara hii haimfai mtu anayetaka kuona kila kitu kupitia dirisha la gari. Gari hufika langoni tu. Yaliyobaki hudai miguu, na mahali pengine mashua.

Safari huanza kwa wepesi. Kutoka Kisumu msafiri hupitia Ahero na Katito hadi Kendu Bay, kwa barabara ya lami. Karibu na mji huo mdogo ndipo lilipo Simbi Nyaima, ziwa la maji ya magadi lililojaa katika shimo la volkano, umbali mfupi tu kutoka ufuo wa Ziwa Victoria.

Wenyeji husimulia kwamba hapo zamani palikuwa na kijiji. Bibi kizee aliyechoka na kulowa mvua alibisha hodi usiku wa karamu, akafukuzwa na kila mtu isipokuwa mwanamke mmoja. Bibi huyo alimwonya mwenyeji wake aondoke upesi, kisha mvua ikanyesha hadi kijiji kikazama na watu wake wote. Wanajiolojia nao wana maelezo yao kuhusu mlipuko wa volkano, lakini mzee wa hapo anapokusimulia, heri usimkatize.

Kulizunguka ziwa hilo kwa miguu hakumalizi saa nyingi, na kwa baadhi ya misimu flamingo huonekana wakiokota chakula kandokando ya maji ya kijani.

Magharibi mwa hapo unainuka Mlima Homa, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,700, ambao ni mazoezi tosha kwa asubuhi nzima. Rasi hiyo iligonga vichwa vya habari mnamo Februari 2023, wanasayansi walipotangaza kwamba zana za mawe zilizofukuliwa Nyayanga, pamoja na mifupa ya viboko iliyochinjwa, zina umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Usitarajie kibanda cha tiketi huko.

Kutoka mji wa Homa Bay, njia huelekea kusini kupitia Rodi Kopany na Ndhiwa, kisha huacha lami na kuingia barabara za murami hadi Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori. Hapa ndipo ningemshauri msafiri atenge siku nzima, hata kama itambidi aruke mahali pengine.

Thimlich Ohinga ni maboma ya mawe yaliyojengwa pengine katika karne ya 16. Kuta zake zina urefu wa kati ya mita moja na nusu na zaidi ya mita nne, na unene wa mita moja au zaidi. Ajabu ni kwamba mafundi wake hawakutumia saruji, chokaa wala udongo. Walipanga mawe makubwa kwa ustadi upande wa nje na upande wa ndani, kisha wakashindilia mawe madogo katikati ili pande hizo zishikane. Penye hatari ya kuinama waliongeza mihimili ya mawe.

Ni lazima uiname ili upite langoni. Hilo halikuwa kosa la ujenzi. Adui aliyetaka kuingia alilazimika kutanguliza kichwa, huku wenye boma wakimngoja ndani wakiwa wima. Ndani mna mabaki ya nyumba, mazizi ya mifugo na mawe ya kusagia nafaka. Jamii mbalimbali zilikaa humo kwa kupokezana, wa mwisho wakiwa Waluo, hadi maboma yalipoachwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Jina lenyewe hufafanuliwa na wazungumzaji wa Kidholuo kuwa msitu mnene wa kutisha, pamoja na ohinga, yaani ngome. Maboma ya aina hii yaliwahi kuenea kote katika eneo la ziwa kwa mamia, lakini mengi yamebomoka au mawe yake yamechukuliwa kwa ujenzi mwingine. Thimlich ndilo lililosalia likiwa zima zaidi. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliorodhesha mahali hapa miongoni mwa Turathi za Dunia.

Pamoja na heshima hiyo, mgeni anaweza kufika na asikute mgeni mwenzake. Ukuta usio na saruji hudumu tu iwapo kuna mtu wa kurudisha jiwe linapoanguka, na ujira wa mtu huyo hutegemea kwa sehemu kubwa wageni kuonekana. Usipande ukuta kwa ajili ya picha. Jiwe moja likitoka, mengine hufuata.

Kaskazini mwa maboma hayo, katika Bonde la Lambwe, kuna Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita 120 mraba. Ilianza kama hifadhi ndogo mnamo 1966 na kupandishwa hadhi mwaka 1983.

Ruma ipo kwa sababu ya mdudu. Kwa miaka mingi mbung'o walieneza malale katika bonde hilo, na watu wakaepuka kuhamia humo. Mashamba yalipokuwa yakitafuna nyika kwingineko, nyasi za Lambwe zilibaki, na pamoja nazo akabaki swara mkubwa aitwaye korongo, ambaye hapaswi kuchanganywa na ndege wa jina hilo. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu korongo 15 pekee nchini, na makao yao ni Ruma.

Kuwaona si hakika. Nyasi ni ndefu na wanyama wenyewe ni wachache, hivyo ingia alfajiri na umwombe askari wa mbuga akuongoze. Hata ukiwakosa utakutana na twiga wa Rothschild na taya, swara mdogo anayechupa nyasini kana kwamba amekanyaga moto. Malipo ya kiingilio hufanywa kupitia eCitizen, kwa hivyo kamilisha shughuli hiyo kabla ya kufika mahali ambapo mtandao huenda ukasumbua. Epuka mavazi ya buluu na meusi kwani huwavutia mbung'o. Udongo wa bonde ni mfinyanzi mweusi, na mvua za masika zikinyesha hata gari la magurudumu manne hutoa jasho.

Mteremko mkali wa Kanyamwa unaopakana na mbuga unafaa kwa kutembea, na mashabiki wa soka wana sababu ya ziada ya kuukwea. Kanyamwa ndiko alikotoka mganga mashuhuri Gor Mahia, ambaye klabu ya Gor Mahia hubeba jina lake.

Kutoka Lambwe msafiri huteremka hadi Mbita na kuvuka daraja kuingia kisiwa cha Rusinga. Zamani palikuwa na tuta lililoziba mkondo wa maji kati ya kisiwa na bara. Daraja limeruhusu ziwa kupumua tena. Rusinga ni kisiwa cha baiskeli. Ndiko Mary Leakey alikopata, mwaka 1948, fuvu la nyani wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita, na ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyepigwa risasi jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969. Kaburi lake limejengewa mnara wenye umbo la risasi.

Mashua za kwenda kisiwa cha Mfangano, nyumbani kwa Abasuba, hung'oa nanga Mbita. Sharti uvae jaketi ya kuokoa maisha, hata kama nahodha atakucheka. Huko Kwitone na Mawanga kuna michoro ya duara nyekundu na nyeupe kwenye miamba, inayoaminika kuwa kazi ya Watwa walioishi kwa kuwinda. Njia ya kufika Kwitone ni ya kupanda, na hupaswi kwenda bila mwenyeji: kwa wakazi hayo ni maeneo ya ibada, hasa ya kuomba mvua. Elewana naye malipo kabla ya kuondoka.

Maji ya ufuoni yanavutia baada ya jua la mchana, ila yana kichocho, na mahali pengine viboko. Usiku lala ndani ya neti, kwani malaria haijaondoka ukanda huu.

Badala ya kurudi ulikotoka, abiri feri inayobeba magari kutoka Mbita hadi Luanda K'Otieno, upande wa pili wa ghuba. Kutoka hapo barabara hupita Bondo, na kabla ya Kisumu utaona kulia au kushoto, kutegemea ulivyokaa garini, mawe makubwa yaliyobebana: Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja alipenda mno kushinda hapo, hata mkewe alipoulizwa aliko mumewe akawa anajibu kwamba ameenda kwa mikayi wake. Kati ya mawe hayo kuna mwanya wa kupita, lakini ni mwembamba. Mizigo iacheni garini.