Beberu Hakamuliwi, Lakini Jibini Iko Kwake

Chukua maziwa ya mbuzi wawili wa banda moja, wanaokula majani yale yale na kutoa lita sawa. Yapashe moto hadi yawe vuguvugu, tia reneti, yaani kigandishi cha maziwa, funika usubiri. Baada ya nusu saa hivi, pitisha kisu. Maziwa ya mbuzi wa kwanza yameshika: kisu kinaacha ufa safi, na ndani ya ufa yanajikusanya maji ya rangi ya manjano yenye ukijani. Ya mbuzi wa pili yamelegea, yanakatika ovyo, na maji yake ni meupe, dalili kwamba sehemu ya jibini inapotea humo.

Mara nyingi lawama huenda kwa malisho au usafi wa chombo, na kweli vyote viwili vina nafasi yake. Lakini kwa mbuzi, sababu kubwa inaweza kuwa jeni moja.

Takriban asilimia 80 ya protini za maziwa ya ng'ombe ni kaseini, na katika maziwa ya mbuzi pia kaseini ndizo nyingi zaidi. Ziko aina nne: alfa-s1, alfa-s2, beta na kapa. Pamoja na kalsiamu na fosfeti, hujikusanya kuwa vitonge vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kapa hukaa upande wa nje kama vinyweleo na kuvizuia vitonge visigandane. Kimeng'enya cha kimosini kilichomo kwenye reneti huvinyoa vinyweleo hivyo kwa kuikata kapa kati ya asidi amino ya 105 na ya 106. Vitonge vikishanyolewa hushikamana, na maziwa yanaganda. Kaseini ikiwa kidogo, hakuna cha kushikamana vya kutosha.

Kwamba protini hizi hurithiwa kwa namna tofauti, mnyama kwa mnyama, kulianza kubainika mwaka 1955 huko Shinfield, karibu na mji wa Reading, Uingereza. Robert Aschaffenburg na mwenzake Drewry walichunguza protini iitwayo beta-laktoglobulini kwa kuipitishia umeme juu ya karatasi iliyoloweshwa. Badala ya kutumia maziwa yaliyochanganywa, walipima ya kila ng'ombe peke yake. Ng'ombe mmoja alitoa alama moja kwenye karatasi, mwingine alama nyingine iliyosafiri umbali tofauti, na wa tatu akatoa zote mbili. Hapo ndipo urithi ulipojionyesha: nakala moja kutoka kwa baba, nyingine kutoka kwa mama. Ndani ya pipa la maziwa ya kundi zima, tofauti hiyo isingejulikana ni ya nani.

Miongoni mwa walioifuata njia hiyo mbali zaidi ni Mfaransa François Grosclaude, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa kilimo INRA huko Jouy-en-Josas. Mwaka 1987 yeye na wenzake walieleza jambo la ajabu kuhusu alfa-s1 ya mbuzi: aina za jeni yake hazitofautiani kwa umbo la protini tu, bali pia kwa kiasi kinachotengenezwa. Nakala moja ya aina zenye nguvu, kama A na B, huchangia takriban gramu 3.6 kwa kila lita ya maziwa. Aina E huchangia kama gramu 1.6, na F karibu gramu 0.6 tu. Ipo pia aina O, ambayo haitoi chochote. Mbuzi aliyerithi A kwa wazazi wote wawili anafikisha kama gramu 7 za alfa-s1 kwa lita. Mwenye O mbili hana hata chembe.

Ugunduzi huo ulibadilisha namna ya kuchagua madume. Beberu hakamuliwi, kwa hiyo zamani ilibidi kusubiri mabinti zake wazae ndipo ubora wake ujulikane. Sasa tone la damu linatosha kumpima angali mchanga, kabla mbegu zake hazijasambazwa kwa uhimilishaji.

Norway ilikuwa na sababu kubwa zaidi ya kujali. Watafiti waligundua kwamba mbuzi wengi wa maziwa wa nchi hiyo walikuwa wamebeba jeni ya alfa-s1 iliyopungukiwa na herufi moja tu ya DNA, na upungufu huo unatosha kuizima. Maziwa yao yalikuwa na kaseini kidogo, na mara nyingi mafuta yake yalivunjika mapema na kuleta ladha ya kuchacha. Wanorway wakaanza kupima madume na kuingiza mbegu za mbuzi wa Alpine kutoka Ufaransa.

Hapa ndipo habari inapofika kwetu. Mbuzi wa Norway waliletwa Tanzania miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wakasambaa kwa wafugaji wa Mgeta, milimani Uluguru. Kwa familia inayokunywa maziwa hayo kwa chai au kuyatia kwenye uji, jeni iliyozimika si msiba. Kwa kikundi kinachotaka kutengeneza jibini ya kuuza, beberu mmoja anayezungushwa kijiji kizima anaweza kuamua watapata kilo ngapi kwa miaka mingi ijayo.

Lakini kipimo cha jeni hakitakuwa na maana kwa mfugaji ikiwa maziwa yananunuliwa kwa lita pekee. Ufaransa, bei ya maziwa ya mbuzi huzingatia protini na mafuta, ndiyo maana mwenye beberu mzuri huona faida yake mfukoni. Anayelipwa kwa ujazo tu atachagua beberu wa ujazo, na hatakuwa amekosea hesabu. Kikundi kinachotaka jibini basi kianze na bei: kiwalipe zaidi wenye maziwa mazito, ndipo wanachama wake watakapoanza kuuliza habari za jeni za beberu.