Nyumba Ambayo Haijauzwa, Ada Yake Hulipwa na Nani?

Vyumba vya mabati vinapobomolewa Kawangware na ghorofa kuinuka mahali pake, wanunuzi wa kwanza huhamia kabla nyumba zote hazijauzwa. Kibera nako, nyumba 822 za Soweto Mashariki zilikabidhiwa wakazi mwaka wa 2016, na maisha ya ghorofani yakaja na gharama za pamoja: taa za ngazi, pampu ya maji, mlinzi na uzoaji taka. Je, mjenzi anawajibika kulipia nyumba zilizobaki mikononi mwake?

Sheria inasemaje

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka wa 2020 inasema kwamba mchoro wa mgawanyo wa jengo ukisajiliwa, shirika la wamiliki huundwa. Shirika hilo hutoza kila mmiliki mchango kulingana na sehemu yake. Nyumba isiyouzwa bado ina mmiliki, naye ni mjenzi. Kwa hivyo anadaiwa mchango kama jirani yeyote, hata kama mlango umefungwa na hakuna anayeishi ndani.

Kwa nini ni muhimu

Tuseme jengo lina nyumba 20 zinazolingana, na gharama za mwezi ni Sh60,000. Wote wakilipa, kila nyumba hutoa Sh3,000. Ikiwa 8 pekee zimeuzwa na mjenzi halipi, wanunuzi hao watabeba Sh7,500 kila mmoja.

Kama haijajengwa

Hapa hali ni tofauti. Ghorofa iliyo kwenye ramani tu, ambayo haijasajiliwa, haijawa nyumba ya kutozwa mchango. Kwa viwanja vitupu ndani ya mtaa wenye huduma za pamoja, wajibu hutegemea mkataba. Mikataba mingine humsamehe mjenzi hadi auze. Mingine humtoza tangu barabara na maji vifike.

Ada hii isichanganywe na kodi ya ardhi ya kaunti. Kodi hiyo hudaiwa hata kwa kiwanja kitupu, na kuilipa hakumwondolei mtu deni la shirika.

Kabla ya kutia sahihi

• Uliza ni nyumba ngapi hazijauzwa na nani anazilipia.
• Hakikisha mchoro wa mgawanyo umesajiliwa.
• Soma kifungu cha ada. Kama kinamsamehe mjenzi, uliza ni hadi lini.
• Omba hesabu za matumizi kwa maandishi.

Mpangaji naye aulize mapema iwapo ada imo ndani ya kodi ya nyumba, kwani mbele ya shirika mdaiwa ni mmiliki.

Mmiliki asipolipa, shirika linaweza kumdai mahakamani kama deni lolote. Hata hivyo, ni nafuu kuanza na mkutano wa wamiliki. Mjenzi ana kiti katika mkutano huo, na ana mchango wake wa kutoa.