Uvira: Mzazi anayeandika anasoma saa ngapi?

Mjini Uvira, katika jimbo la Kivu Kusini, kuandika peke yake hakulishi nyumba. Wanaoandika ni walimu wanaotungia wanafunzi michezo ya kuigiza, waandishi wa habari wa redio za mtaani, wachungaji wanaotayarisha mahubiri, na wafanyakazi wa mashirika wanaoandika ripoti mchana na mashairi usiku. Wengi wao ni papa na mama wa watoto. Mtu akiwauliza kama wanapenda vitabu, jibu linajulikana. Swali gumu ni la saa: wanasoma wakati gani?

Siku ya mzazi wa Uvira inaanza kabla ya jua kutoka nyuma ya milima ya Burundi, ng’ambo ya ziwa. Kuna maji ya kuchota, mashati meupe na nguo za rangi ya buluu za kutayarishia watoto wa shule, na chai ya haraka. Baadaye ni kazi, soko, mikutano ya kanisa, wagonjwa wa kutembelea na matanga ya kuhudhuria. Jioni, ndagala wakiwa jikoni, mtoto mmoja analeta kaye yake ya hesabu na mwingine anatafuta biki. Na umeme ukikatika, tochi ya simu inakuwa ya nyumba nzima.

Katika siku ya namna hiyo, kusoma kunafanyika kwa vipande. Kuna dakika kumi za alfajiri, wakati watoto bado wamelala. Kuna muda wa kungoja mashua ya kwenda Baraka kwenye bandari ya Kalundu, au wa kupanga foleni kwenye mpaka wa Kavimvira. Kuna nusu saa baada ya chakula cha usiku, kama usingizi haujashinda. Wengi wanaona haya kusema kwamba hivyo ndivyo wanavyosoma. Wanadhani msomaji wa kweli ni yule mwenye meza, taa, kabati la vitabu na mlango wa kufunga.

Lakini historia ya waandishi inaonyesha jambo lingine.

Walioandika wakiwa na watoto na kazi

Shaaban Robert, anayehesabiwa kuwa mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa Kiswahili, hakuwahi kuwa mtu wa nafasi nyingi. Alizaliwa mwaka wa 1909 karibu na Tanga, akasoma shule kwa miaka michache tu Dar es Salaam, na mwaka wa 1926 akaanza kazi ya ukarani katika forodha ya serikali ya kikoloni. Alikaa forodhani hadi mwaka wa 1944. Baadaye alifanya kazi katika idara ya mifugo, katika ofisi ya wilaya na katika idara ya upimaji ardhi. Vitabu vyake alivitunga pembeni ya kazi hizo, huku akilea watoto na kupita katika misiba ya nyumbani.

Watoto wenyewe waliingia katika maandishi yake. Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Barua alizomwandikia ndugu yake kati ya mwaka wa 1931 na 1958 zimehifadhiwa na kuchapishwa kuwa kitabu. Kwa maneno mengine, karani huyo hakungoja nyumba inyamaze ndipo aandike. Aliandika akiwaelekea watu wa nyumba hiyo hiyo.

Mfano mwingine ni wa mama. Buchi Emecheta, mzaliwa wa Lagos, alifika London mwaka wa 1962. Alipoachana na mumewe, alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, na watoto watano wakabaki mikononi mwake. Muswada wake wa kwanza ulichomwa moto na mume huyo, kama alivyosimulia mwenyewe. Alifanya kazi katika maktaba ya British Museum, akasomea sosholojia, na akaandika alfajiri kabla ya watoto kuamka. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka wa 1972. Kile kilichochomwa alikiandika upya, kikachapishwa mwaka wa 1976 kwa jina The Bride Price.

Karibu zaidi na nyumbani, wakaaji wengi wa Congo waliokwenda shule wanakumbuka vitabu vidogo vya Zamenga Batukezanga. Vilikuwa vyepesi, vya kurasa chache, vinavyopita mkono kwa mkono. Kitabu cha namna hiyo kinaweza kumalizika kwa jioni tatu, hata katika nyumba yenye kelele.

Unachosoma ndicho unachoandika

Kwa mzazi ambaye pia anaandika, kusoma ni sehemu ya kazi, kama vile mvuvi anavyoshona nyavu mchana ili usiku aende ziwani. Na hapa kuna hatari ambayo haionekani haraka. Maandishi yanayofika kwa urahisi Uvira ni ripoti za mashirika, barua za ofisi, matangazo na habari fupi za simu. Nyingi ni za Kifaransa. Mtu akisoma hizo tu kwa miaka, hata hadithi yake inaanza kunuka ripoti: watu wanageuka kuwa “walengwa”, na mto uliobomoa nyumba ya jirani unageuka kuwa “changamoto”.

Dawa yake haihitaji maktaba kubwa. Shairi moja linasomeka kwa dakika tano, na linaweza kukaa kichwani siku nzima sokoni. Hadithi fupi moja inatosha foleni ya mpakani. Zaburi au mithali iliyosomwa kwa sauti inafundisha mpigo wa sentensi. Kaye ndogo ya faranga chache inatosha kuandika neno moja zuri lililokutwa, au namna bibi wa Kibembe au Kifuliiru anavyoeleza jambo ambalo Kifaransa kinalizungukazunguka. Msomaji wa vipande anayeandika vipande hivyo hapotezi alichosoma.

Maji, vita na karatasi

Kusoma Uvira kuna adui nyingine, mbali na uchovu. Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kuharibu maelfu ya nyumba. Miaka iliyofuata, maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yalipanda na kuingia katika nyumba na barabara za kando ya ziwa, na yakarudi tena kwa nguvu mwaka wa 2024. Matope yakiingia nyumbani, watu wanaokoa watoto, magodoro na masufuria. Karatasi zinabaki nyuma.

Kisha vita. Mwaka wa 2025 wakaaji wa Uvira na wa bonde la Ruzizi walikimbia kwa maelfu kuelekea Burundi, kwanza mwezi wa Februari baada ya mji wa Bukavu kuanguka, na tena mwezi wa Desemba mapigano yalipofika Uvira kwenyewe. Anayevuka mpaka na mtoto mgongoni habebi kabati la vitabu. Anabeba vyeti vya shule, pengine Biblia, na simu.

Kwa sababu hiyo simu imekuwa rafu ya vitabu ya familia nyingi. Kitabu kilichotumwa na rafiki kwa WhatsApp, au kurasa zilizopigwa picha, vinavuka mto na mpaka bila kulowa. Kwa watoto, African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, unatoa hadithi za picha za bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hadithi ikishapakuliwa mahali penye intaneti, inasomwa nyumbani bila mega hata moja. Simu hiyo hiyo, hata hivyo, inaleta picha na mabishano yasiyokwisha, na dakika kumi za alfajiri zinaliwa kabla ya ukurasa wa kwanza. Mzazi anayetaka kusoma hana budi kufungua kitabu kwanza, ujumbe baadaye.

Mtoto akisikia, nyumba inasoma

Njia ya uhakika zaidi ya mzazi kupata nafasi ya kusoma ni kuacha kuiba nafasi hiyo kutoka kwa watoto, na kusoma pamoja nao. Robo saa ya kusoma kwa sauti kabla ya kulala inahesabika mara mbili: mtoto anasikia hadithi, na mwandishi anasikia sentensi. Sentensi mbaya haijifichi ikisomwa kwa sauti. Mtoto wa miaka saba akianza kuangalia pembeni, mwandishi amepata mhariri wake wa kwanza.

Lugha nayo ina nafasi yake. Sheria ya elimu ya Congo ya mwezi wa Februari 2014 inatambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Hata hivyo, mtoto anayesikia Kiswahili sokoni, Kivira au Kifuliiru kwa bibi, na Kifaransa katika kitabu cha shule, anaweza kukua akidhani kwamba vitabu si vya lugha ya nyumbani kwao. Mzazi anayemsomea hadithi ya Kiswahili anamtoa wazo hilo bila hotuba.

Tena Kiswahili cha Congo kina maandishi yake. Mwaka wa 1965, André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, sasa Lubumbashi, kwa Kiswahili kama kilivyosemwa na watumishi wa nyumbani wa mji huo. Hakikuwa Kiswahili cha Zanzibar, na hakikuomba radhi. Leo watafiti wa ng’ambo wanakisoma kitabu hicho ili kuelewa maisha ya Congo ya kikoloni yalivyoonwa na wafanyakazi.

Nani ataandika ziwa hili?

Uvira imeandikwa zamani, lakini zaidi na wapita njia. Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapa kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, wakitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Mwaka wa 1871, Livingstone na Stanley walikuja kuuona mdomo wa mto kwa macho yao. Jina la Uvira likabaki katika vitabu vyao, ila wenyeji waliojua jibu tangu mwanzo hawakuandika chochote kilichotufikia.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata tuzo ya Nobel mwaka wa 2021, alifuata safari za namna hiyo kwa jicho la Mwafrika katika riwaya yake ya mwaka wa 1994, yenye msafara wa biashara unaotoka pwani kuingia bara. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka Dar es Salaam mwaka wa 2022 kwa jina Peponi. Kwa mzazi wa Uvira, hicho ni kitabu cha kusomwa taratibu, kurasa tatu kwa siku, hata kikichukua miezi minne.

Hadithi za ziwa hili kutoka upande wa Congo bado ni chache kwenye karatasi: usiku wa wavuvi na taa zao, mafuriko ya Mulongwe, kambi ng’ambo ya mpaka, kurudi na kukuta mlango hauko. Watakaoziandika hawatapewa mwaka mzima wa utulivu kwa kazi hiyo. Watakuwa mwalimu mwenye kaye za kusahihisha na mama mwenye ndagala za kuanika, waliokuwa wakisoma kidogo kidogo miaka yote hiyo, watoto wakiwa pembeni yao.