Jitu Lenye Matege

Aliletwa na kirikuu kutoka Chamazi, kalala juu ya gunia tupu la pumba, na kumshusha ilibidi tuwe watu wawili. Boerboel wa miezi mitano, kilo 36, kichwa kama cha ndama. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda kuanzia kiwiko kushuka chini, na nyayo zimelala kiasi kwamba alikuwa karibu anakanyagia kifundo. Mwenye mbwa, kijana mpole anayeuza vifaa vya ujenzi, hakuniachia hata nafasi ya kuuliza.

"Dokta, huyu kapungukiwa kalsiamu. Mchome sindano."

Kalsiamu alikuwa anapewa. Alikuwa anakula chakula cha paketi cha watoto wa mbwa, kile kizuri cha bei mbaya. Juu yake anawekewa vijiko viwili vya chokaa ya mifugo, ushauri wa muuza duka la pembejeo, na juu ya hapo maziwa. Miguu ilipoanza kupinda kijiko cha tatu kikaongezwa. Kilichokuwa kinampa matege ndicho kilichokuwa kinaitwa dawa.

Kesi kama hii naiona mara kwa mara siku hizi. Ukienda Bunju, Boko na Mabwepande upande wa Kinondoni, au Toangoma na Chamazi upande wa Temeke, watu wamejenga, wamezungusha ukuta, wameweka geti, na baada ya geti wanataka mbwa. Wala si mbwa wa kawaida. Wanataka jitu: Boerboel wa Afrika Kusini, Great Dane, au Rottweiler mwenye mifupa minene. Mnunuzi humlipia akiwa na wiki nane, na akifika miezi minne tayari anauliza mbona hajawa mkubwa.

Sasa nitangulize jambo ambalo wateja wangu hawapendi kulisikia. Ukubwa wa mbwa uliamuliwa siku mimba yake ilipotungwa. Ukimnyima chakula atadumaa, hilo halina ubishi. Lakini ukimshindilia hawi mkubwa kuliko alivyoandikiwa. Anafika tu mapema, na anafika akiwa mbovu.

Hebu tazama hesabu yenyewe. Great Dane huzaliwa na uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo. Akitimiza mwaka ana kilo 50 au zaidi. Mtoto wa binadamu angekua kwa mwendo huo, yule aliyezaliwa na kilo tatu angesherehekea mwaka wake wa kwanza akiwa na zaidi ya kilo 200. Mbwa wetu wa mtaani, anayeishia kilo 15 hivi, humaliza kukua kabla ya mwaka. Jitu huendelea hadi miezi 18, wengine 24. Sehemu kubwa ya kipindi hicho, karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna tabaka laini la gegedu ambalo ndilo linalorefusha mfupa. Mwili mzito umesimama juu ya kitu ambacho bado hakijakomaa. Ni kama kumwaga zege la ghorofa ya pili wakati nguzo za chini hazijakauka.

Ndipo kalsiamu inapoingia. Mbwa mzima akila kalsiamu ya ziada, utumbo wake huchukua anachohitaji na kuacha kingine kipite. Mtoto wa mbwa katika miezi yake ya mwanzo hana uwezo huo. Kinachoingia kwa wingi kinafyonzwa kwa wingi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walilionyesha hilo miaka ya 1980: watoto wa Great Dane waliolishwa chakula chenye kalsiamu asilimia 3.3 badala ya 1.1 waliharibika gegedu na kupinda miguu. Ndiyo maana viwango vya Marekani vya chakula cha watoto wa mbwa watakaofikia kilo 32 na kuendelea haviruhusu kalsiamu izidi asilimia 1.8 ya chakula kikavu. Paketi nzuri hujieleza kwamba ni ya watoto wa mbwa wakubwa. Ukishainunua hiyo, usiongeze kitu. Chokaa ya mifugo waachie kuku wa mayai.

Naona msomaji wa Tegeta anatikisa kichwa: paketi ya kilo 15 jitu linaimaliza ndani ya wiki mbili au tatu, nani ana hela hiyo? Wachache. Wengi tunapika. Na kwenye sufuria ndiko kosa la pili linakozaliwa, la upande wa pili kabisa, ingawa matokeo yake kwa macho yanafanana na lile la kwanza. Mama mmoja wa Bunju aliniletea Great Dane wa miezi minne aliyevunjika mguu kwa kuruka kutoka barazani, kimo cha magoti yangu. Kwenye picha ya eksirei mifupa ilikuwa imefifia, haionekani vizuri pembeni ya nyama. Chakula chake tangu alipofika kilikuwa ugali, mapafu na maini. Mama alimpenda mbwa wake na alimlisha nyama kila siku, jambo ambalo majirani walimsema kwalo. Lakini nyama tupu ina kalsiamu kiduchu: sehemu moja kwa 15 hadi 20 za fosforasi, ilhali mtoto wa mbwa anataka kalsiamu iizidi fosforasi kidogo. Damu isipopata kalsiamu kutoka sahani, huikopa mifupani, na chakula kisipobadilika mkopo huo haurudishwi.

Ukipika, basi, mpe dagaa. Dagaa mzima anakuja na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo kalsiamu. Chukua dagaa wasiotiwa chumvi, waoshe mchanga utoke, wachanganye na nyama, ugali au wali, na mboga kidogo. Kipimo kamili hakiandikiki gazetini kwa sababu kinategemea umri na uzito. Daktari wa mifugo akupangie, na akibadilishe mtoto anavyokua. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali. Na tafadhali, yale mahindi yaliyoota kuvu yanayouzwa kwa bei ya kutupa eti "ya mbwa" yaache hapohapo sokoni. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa halina ustahimilivu wowote mbele yake.

Kiasi nacho ni muhimu. Mlishe mara tatu kwa siku hadi miezi sita, kisha mara mbili maisha yake yote. Mpapase mbavuni: uzihisi chini ya vidole bila kubonyeza, lakini usizione ukiwa umesimama mbali. Wageni watakwambia umemkondesha. Waache waseme. Marekani kulifanywa jaribio la miaka 14 kwa mbwa aina ya Labrador. Waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi na nyonga zao ziliharibika kwa uchache. Kumpima uzito si kazi kubwa. Akiwa mdogo panda naye kwenye mizani ya nyumbani, kisha jipime mwenyewe utoe. Akishakushinda kumbeba, mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu iko kila mtaa, na hao jamaa hufurahi sana kumpima.

Uzito huo utauhitaji pia kwenye dawa. Vidonge vingi vya minyoo hutolewa kimoja kwa kila kilo kumi, kwa hiyo jitu la kilo 40 likipewa kimoja limepewa kionjo. Kwenye dawa ya kupe kosa huwa kinyume: watu huchanganya ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia rangi ya maji, na mbwa akaletwa kwangu anatetemeka. Halafu kuna diklofenaki. Mbwa anachechemea, mtu anakumbuka kidonge kilichomsaidia mgongo wake mwenyewe, anamfungia kwenye kipande cha nyama. Kwa mbwa dawa hiyo hutoboa tumbo na kuua figo. Ukinikuta nimekasirika ofisini, mara nyingi sababu ni hiyo.

Sakafu nayo ina hukumu yake. Nyumba zetu mpya zina vigae vinavyong'aa hadi kwenye baraza, na jitu changa likikimbia juu yake miguu ya nyuma inatawanyika kama ya mtoto anayejifunza kutembea kwenye sabuni. Utafiti wa Norwei uliotolewa 2012 uliwafuatilia watoto wa mbwa wa aina kubwa na kugundua kwamba waliopanda ngazi kabla ya miezi mitatu walipata zaidi ubovu wa nyonga, na walioachiwa kuchezacheza nje kwenye ardhi laini ya miinuko midogo walipata kidogo. Kwa maana hiyo kiwanja cha mchanga kilichobaki nyuma ya nyumba yako Toangoma, kile unachopanga kukiwekea "pevingi", ni mali. Kiache. Ndani ya banda tandika gunia au godoro chakavu, maana mwili mzito ukilalia saruji tupu viwiko hujaa maji na kuvimba.

Banda lenyewe, hasa mwezi wa pili, lisiwe tanuri. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na kwenye unyevunyevu wa Dar kuhema hakusaidii sana. Bati la chini lisilo na dari humpika. Makuti ni bora, na kivuli cha mwembe ni bora kuliko vyote. Mtembeze saa 12 asubuhi. Ukimkuta saa nane mchana anahema kwa kelele, fizi zimekuwa nyekundu sana na anayumba, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, endelea kumwagia huku mkitafuta usafiri. Usianze na simu.

Nimeacha hadi sasa kwa makusudi lile linalosababisha ugomvi mkubwa zaidi kati yangu na wenye mbwa: ukali. Imani iliyopo ni kwamba mtoto wa mbwa akifungiwa asione watu atakuwa mkali. Wapo wanaomlisha na pilipili. Anachokuwa ni mwoga. Dirisha la mbwa kuizoea dunia ni kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili au kumi na nne hivi, na asichokiona wakati huo hukiogopa baadaye. Mwoga wa kilo 70 hachagui kati ya mwizi na mtoto wa dada yako aliyekuja likizo. Shida ni kwamba dirisha hilo ndilo la ugonjwa wa parvo pia, na chanjo zake huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Suluhisho ni kumbeba. Kaa naye kwenye kiti getini, asikie bodaboda, amwone mama anayeuza vitumbua, watoto wa madrasa wapite. Miguu yake isiguse ardhi ya barabarani, basi. Akitimiza miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, na kila mwaka. Akimng'ata mtu kwa lolote lile, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana cheti.

Na mfundishe mapema kutomrukia mtu. Mitaa yetu ni ya Pwani. Mzee anayepita getini kwako alfajiri ametawadha, anakwenda kusali, na katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi hapa, mate ya mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mbwa wako anacheza. Mzee anarudi nyumbani kubadili kanzu na swala ya jamaa imempita. Akiwa bado ana kilo nane, kila akiruka mgeuzie mgongo, kila akiweka miguu yote minne chini mpe dagaa mmoja. Nina mteja Mbagala, Yanga wa damu, kamwita mbwa wake Simba ili apate raha ya kumwambia "kaa chini" kila asubuhi. Simba huyo anakaa kweli, na majirani wote wanamjua kwa jina.

Yule wa Chamazi tulimwondolea chokaa na maziwa, tukapunguza chakula, tukamhamishia kwenye mchanga. Leo ana miezi 14 na kilo 58, anatembea bila kuchechemea. Mguu wa kulia umenyooka. Wa kushoto haukunyooka.