Tutayarishe Mtumbwi Kabla ya Kupaka Rangi



Sisi wa Shirimatunda hatuna ziwa. Lakini perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, huko kusini ya Moshi, tunawajua. Mvuvi anayewaleta anategemea mtumbwi wa mbao. Mbao zikioza maji huingia, na maisha yake yamo hatarini.

Rangi huzuia maji yasiingie kwenye mbao. Lakini rangi haishiki juu ya uchafu wala unyevu. Maji yaliyofungiwa ndani ya ubao, yakipata joto la jua, hutafuta njia ya kutoka. Rangi hufura kama lengelenge, kisha hubanduka. Hapo fedha imepotea bure. Basi tufanye hivi:

1. Tuutoe mtumbwi majini, tuupindue juu ya magogo, kivulini penye upepo. Jua kali hupasua mbao. Tusugue ukoga kwa maji na sabuni kabla haujakauka, halafu tusuuze.

2. Tuchome mbao kwa msumari, hasa upande wa chini. Msumari ukizama kwa urahisi, ubao umeoza. Ubadilishwe, maana rangi haiponyi ubao uliooza. Nyufa kati ya mbao, fundi azizibe kwa pamba.

3. Tukwaruze rangi iliyolegea, tupige msasa wa maji. Kwa nini wa maji? Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu na hudhuru ubongo wa watoto. Watoto wakae mbali. Takataka zake tuzikusanye, tusizichome moto wala kuzitupa bwawani.

4. Tuuache ukauke siku kadhaa. Wakati wa masika tungoje zaidi. Tufunike sehemu ndogo kwa nailoni, tubane kingo zote, tuache usiku kucha. Asubuhi tukikuta matone chini yake, bado.

5. Umande ukiisha, tufute vumbi, tupake rangi ya kwanza. Ikikauka, tuzibe vishimo kwa puti. Puti ikitangulia, ubao mtupu huinyonya mafuta nayo hupasuka. Tupige msasa kidogo, ndipo tupake rangi ya mwisho.

Hata sisi tusio na mtumbwi tuna milango na madirisha ya mbao. Kazi ni ile ile.

Maswali ya kujadiliana:
Kwa nini rangi hufura?
Je, mlango wako umekaguliwa lini?